Ukurasa Uliofutwa na Chiriku

4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo, hofu ni kwako wewe unayening'inia kwenye mashimo ya lifti za watu. Shemeji yako amehamishiwa zamu za mchana, kwa hiyo sasa namwona akiwa macho, na nakuambia alikuwa afadhali akiwa amelala. Mpwa wako ameng'oka meno ya mbele, anacheka huku amejiziba mdomo. Bati la jikoni bado linavuja palepale ulipoliziba, na hapa nyumbani hatuchoki kukumbushana ni fundi gani aliyeliziba.

Mama hajambo. Anakuulizia.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu nzuri nimempa Mama, ile inayosoma maandishi kwa sauti, maana herufi ndogo zimemshinda. Ujumbe wowote ukiingia, yeye ndiye anayesomewa kwanza. Halafu nikikupigia kwa hiki kisimu changu cha vitufe, anayeongea ni wewe mpaka salio linakata. Barua huwezi kuikatiza. Nijibu kwa anwani ya dukani, si ya nyumbani.

Neno lenyewe ni hili. Siku hizi Mama anaamka kabla yetu. Anatoka na kigoda mpaka ngazi za nyuma, anakaa kulielekea jua linapochomoza, analikodolea macho. Machozi yanamtiririka, hapepesi. Mwanzoni nilidhani anajipasha joto. Nilipomuuliza akaniambia anajitibu, na kwamba tiba hiyo ameipata kwenye ile kamusi elezo yenu ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiandika na wewe huna usingizi kwa ajili yake. Nimeangalia. Kweli ipo makala humo, inaitwa "Tiba ya Kutazama Jua".

Mimi ni mwuza dawa, Chiriku. Kutwa nawaelekeza watu namna ya kutia matone ya macho, halafu narudi nyumbani kwa mama yangu mwenyewe, mwenye presha ya macho, namkuta anashindana na jua. Nimesema naye mara moja kwa upole. Mara ya pili haikuwa kwa upole. Sasa habari hiyo hatuigusi, tunaizunguka kama ndoo iliyoachwa katikati ya ukumbi.

Ulitutangazia mwenyewe kwamba wamekufanya mkabidhi, mmoja wa wachache wenye ufunguo wa kufuta kurasa. Basi futa huo. Bonyeza, yaishe.

Dada yako


21 Februari

Dada yangu mkali,

Shikamoo. Barua yako ilizunguka ofisini mpaka karani alipogundua kwamba huyo Chiriku ni mimi. Hapa walikuwa wananiita Fundi. Sasa hata mlinzi wa getini ananiita Chiriku, nakushukuru sana.

Mimi mzima. Nina jengo moja la bima ambalo lifti yake ina tabia ya kufungua mlango katikati ya ghorofa, watu wanatazamana na ukuta. Nakaa juu kwenye chumba cha mashine naisubiri ikosee. Nikiwepo haikosei. Nikishuka kunywa chai, inakosea. Ndiko ninakokuandikia, mafuta ya nyaya yamechafua hata bahasha, unisamehe. Msalimie shemeji, mwambie lile bati lilikuwa bovu kabla sijazaliwa.

Sasa hilo la Mama. Limenikosesha raha, lakini nisikilize bila kunirukia. Ufunguo wa kufuta si wangu wa kufutia ninachochukia. Makala hiyo ilishajadiliwa na wahariri mwaka jana, ikaamuliwa iachwe. Vyanzo vyake ni hafifu, hilo hatubishani: kitabu kimoja kilichochapishwa na mwandishi mwenyewe, na gazeti lililomnukuu mwandishi huyohuyo. Ndiyo maana nimeweka kisanduku juu kabisa, chenye rangi, kinachosema vyanzo havitoshi na madai hayajathibitishwa. Na mwishoni niliongeza sehemu nzima: daktari anasema nini, kwa nini jua linachoma ndani ya jicho, na kwamba mgonjwa asiache dawa zake hata siku moja.

Tukianza kufuta kila kitu cha ajabu kwa sababu hakina vyanzo vizuri, tutabaki na milima na mito tu. Watu wanaamini mambo, Dada. Wataendelea kuyatafuta. Mtu asipotukuta sisi na onyo letu atakutana na wauzaji, na wauzaji hawaweki visanduku. Mimi naona bora uongo ukae mahali penye taa.

Nieleze jambo moja: Mama anatia matone? Asubuhi na jioni? Nijibu hilo kabla ya yote.

Nitampigia mwishoni mwa wiki.

Mdogo wako


9 Machi

Chiriku,

Tumepata barua yako na madoa yake. Mpwa wako ameota jino moja, limekaa upande. Shemeji yako alipanda mwenyewe kuziba bati, sasa linavuja sehemu mbili.

Kweli ulimpigia Mama. Nilikuwa jikoni nasikia. Mliongea habari za lifti, za mvua, za yule jirani aliyehama bila kuaga. Mlicheka. Jua hukulitaja hata kwa bahati mbaya.

Sasa nikuambie. Dukani tuna kompyuta ya kutafutia bei za dawa, na mchana wateja wakiwa wachache nimekuwa naipekua hiyo kamusi elezo yenu. Sikujua kwamba kila makala ina ukurasa wa majadiliano nyuma yake, na kwamba uko wazi kwa kila mtu. Uliniandikia "ikaamuliwa iachwe", kana kwamba iliamuliwa na mvua. Nimesoma nani aliyeamua. Watatu walitaka ifutwe. Akaja mmoja anayejiita Chiriku, akaandika maelezo marefu kuliko yote, wakanywea. Umeandika hivi: "Msomaji si mtoto mdogo. Akishaonywa, ana akili ya kujiamulia."

Msomaji huyo ni Mama, basi. Alikushonea sare za shule kwa macho yaleyale.

Na hicho kisanduku chako? Nilikaa naye jana kwenye ngazi nikamwambia anisikilizishe. Simu haikisomi, mdogo wangu. Inakiruka. Inaanza moja kwa moja, kwa ile sauti yake ya mwanamke asiyekuwa na haraka: "Tiba ya kutazama jua ni njia ya kale ya kuimarisha na kuponya macho." Ndiyo sentensi yenu ya kwanza hiyo. Onyo la daktari liko mwisho kabisa, na mara nyingi Mama anakuwa ameshazima, ingawa ile sehemu ya kutoacha dawa anasema aliwahi kuisikia.

Nikamwambia, Mama, hiyo imeandikwa na mtu yeyote tu. Akanitazama kwa huruma. "Chiriku ndiye bawabu wa humo," akasema. "Uongo ungepita vipi na yeye yupo mlangoni?"

Nakuachia wewe umjibu, maana bawabu ndiye wewe.

Mama hajambo. Matone yapo kwenye friji.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Shikamoo. Sina habari za maana leo, mimi mzima, lifti ni zilezile.

Nimeifuta.

Barua yako niliisomea juu, kwenye chumba cha mashine. Nilitoa simu yangu, nikaiwekea sauti, nikaisikiliza makala kama anavyoisikiliza Mama. Ni kweli inaruka kisanduku. Miezi yote hii nimekuwa nikikipamba, nimebadilisha rangi yake, nimebishana na watu kama kiwe na alama ya mshangao au kisiwe nayo, na wala hakisikiki. Niliporudi kwenye ile sentensi ya kwanza, "njia ya kale ya kuponya macho", sikungoja kitu. Sikuitisha mjadala, sikuuliza mtu. Nilibonyeza.

Wenzangu wamenijia juu. Yupo mhariri mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye hunisahihishia nukta zangu. Alikuwa miongoni mwa wale watatu waliotaka ifutwe mwaka jana. Nilidhani atanipongeza. Akaniandikia: "Mwaka jana ulitushinda kwa hoja. Leo umefuta bila hoja. Kuna nini?" Nitawaambiaje watu nisiowajua kwamba mama yangu anatazama jua kwa sababu yangu?

Mimi nimepata nafuu, nisikufiche. Usiku huo nililala fofofo. Umeshinda, Dada, na safari hii nafurahi kushindwa. Asipoikuta, atachoka, ataacha.

Hujanijibu kuhusu matone. Kwamba yapo kwenye friji najua, nilikuwepo tulipoyapangia mahali. Nimekuuliza kama yanaingia machoni.

Nataka kuja, lakini hili jengo la bima wananibana. Nitampigia nimweleze mwenyewe. Nikijua pa kuanzia.

Chiriku


6 Mei

Mdogo wangu,

Najua nimekaa kimya. Barua zako mbili zile fupi za katikati nilizipata zote, na kadi ya mpwa wako, anailalia. Kila nikishika kalamu mkono unakataa. Leo nimeamua kukuandikia kwa mpango wa mambo yalivyotokea, usije ukanikatiza hata kwa mawazo.

Siku chache baada ya wewe kubonyeza, Mama aliamka kama kawaida, akaenda kwenye ngazi, akaiambia simu imsomee makala yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisubiri nione atakavyochoka. Simu ikamsomea hivi, neno kwa neno, nimeyakariri: "Ukurasa huu umefutwa. Aliyefuta: Chiriku. Sababu: vyanzo hafifu."

Jina hilo alikupa yeye, ulipoanza kusema ukawa hunyamazi. Alilisikia likitoka kwenye simu kwa sauti ya mwanamke yule. Akaiambia irudie. Ikarudia.

Hakulia, wala hakuuliza. Akasema peke yake, taratibu: "Kumbe ni kweli. Kitu cha uongo hakifichwi."

Halafu akaanza kuitafuta kwingine, na aliipata asubuhi hiyohiyo. Kuna tovuti imenakili makala yenu yote zamani, kabla hujaongeza ile sehemu yako ya mwisho. Chini wameandika kwamba imetoka kwenye kamusi elezo, ili ipate heshima. Na wameongeza lao: kwamba matone ya hospitali yanaziba njia ya mwanga, kwamba anayetaka kupona ayaache. Ulipokuwa umeiacha makala yako, Mama alikuwa analitazama jua na matone anatia, siku akijisikia. Ulipoifuta, aliyamwaga kwenye sinki. Nilikuta chupa tupu kwenye pipa.

Sikukujibu kuhusu matone kwa sababu ningekujibu ningelazimika kukuambia na la pili. Jicho la kushoto limekwenda, Chiriku. Lilikuwa linakwenda tangu kabla ya barua yangu ya kwanza. Nilikuwa namwona akikosa mpini wa kikombe, akiweka mkono pembeni, mimi nikijidai sikuona. Mwezi uliopita aligonga fremu ya mlango kwa bega na nikamburuza mpaka kliniki kwa nguvu. Daktari aliniambia hawezi kujua ni jua, ni matone, au ugonjwa ulikuwa umeshafika huko wenyewe. Kilichopotea hakirudi. La kulia bado lina uwezo, akitia dawa. Mama alikuwa amekaa pale pale, akasikia yote, akashukuru, tukarudi nyumbani. Na hatii.

Mimi ndiye niliyekuambia ufute. Wewe ndiye uliyesema wauzaji hawaweki visanduku. Sijui niandike nini hapo, kwa hiyo naacha.

Hataki kuongea na wewe. Usipige.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Nilipiga. Nilijua umekataza. Ilipokelewa, nikasikia pumzi zake na ule mluzi mdogo wa puani, nikasema "Mama", ikakatwa. Nikakaa kwenye ngazi za jengo la watu, wafanyakazi wa bima wananiruka.

Sikulaumu. Ungejua ninavyojilaumu mimi usingepata nafasi.

Nimewaambia wenzangu ukweli wote, kwenye ukurasa ule ulio wazi kwa kila mtu. Kwamba niliitetea kwa sababu nilipenda kushinda mjadala, na niliifuta kwa sababu niliogopa. Nimerudisha ufunguo wa ukabidhi kabla hawajaniomba. Yule mwalimu mstaafu akasema jambo moja ambalo mwaka mzima hakuna aliyelisema, si sisi tuliotaka ikae wala wao waliotaka ifutwe: kwamba hatukuwahi kukaa chini tukaiandika upya. Tulipigania mlango, ndani hatukufagia.

Basi imerudishwa, na nimeiandika upya mimi na yeye. Ni fupi. Kile kitabu na lile gazeti tumevitoa. Vyanzo vyote sasa ni vya madaktari wa macho, amevipekua yeye mwenyewe kimoja kimoja. Hakuna kisanduku. Sentensi ya kwanza ndiyo hii: "Kutazama jua hakuponyi macho, kunayaunguza, na aliyeacha dawa ya presha ya macho ili atazame jua anaweza kupofuka kabisa." Nimeisikiliza kwa ile sauti. Inasomeka. Hairuki hata neno.

Bado wapo wanaosema tungeifuta tu, kwamba uongo hauna haki ya kuwa na ukurasa. Pengine wana haki. Sina tena nguvu ya kubishana na mtu.

Nakuomba kitu kimoja. Muwekee aisikilize. Usimwambie ni ya nani.

Nimeomba likizo. Wamesema watanijibu.

Mdogo wako


15 Juni

Mdogo wangu,

Tu wazima. Mpwa wako sasa ana meno, anauma kila kitu. Bati tumelibadilisha lote, ugomvi umeisha, nyumba imepooza.

Nilimwekea. Nilichelewa kwa sababu kila asubuhi nilijiambia kesho. Juzi nilitoka na kigoda changu, nikakaa naye kwenye ngazi, nikaiambia simu isome. Sentensi ya kwanza ilipopita akainua kidole: rudisha. Nikarudisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema rudisha tena ile ya mwanzo.

"Hii kaandika Chiriku," akasema. Hakuniuliza. Anaijua lugha yako, ulivyo huwezi kusema jambo moja bila kuliunganisha na la pili.

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo alijua ninachofanya hapa. Tangu lini?"

"Tangu Februari, Mama."

"Na wewe ndiye uliyemwambia."

Nikasema ndiyo. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la jirani, na niliona kwamba halitazami. Alikuwa amenigeukia mimi, ameligeuza jicho zima upande wangu.

"Mmeandikiana," akasema. "Mkaweka, mkafuta, mkarudisha, mkaitangazia dunia nzima. Mimi nimekaa hapahapa siku zote. Mbona hakuna hata mmoja aliyekaa na mimi akaniambia, Mama, naogopa utapofuka?"

Nikataka kusema kwamba nilimwambia. Halafu nikakumbuka nilichomwambia. Nilimwambia ni ujinga. Nilimwambia anatutia aibu, mimi ninayeuza dawa. Hilo la kuogopa halikunitoka mdomoni hata mara moja, na wewe uliongea naye habari za lifti.

Nikamwambia pale. Nilisema, Mama, naogopa. Nililia kama mtoto, wala sijali ukijua.

Akanipapasa goti. Akasema na yeye aliogopa, ndiyo maana alikuwa anaamka mapema. Matone yalikuwa yanamwasha na hayakumrudishia kitu, lakini jua angalau alikuwa analihisi. Kisha akainamisha kichwa nyuma mwenyewe, bila kuambiwa. Nikakimbilia friji. Nikatia la kulia. Nilipohamia upande wa pili akanishika mkono.

"Hilo liache," akasema. "Usipoteze dawa."

Tangu juzi anatia, asubuhi na jioni. Usinishangilie, ni juzi tu. Kigoda bado kinatoka kila siku, lakini sasa anakaa ameupa ukuta uso, jua linampiga mgongoni, anasema mgongo madaktari wenu hawajaukataza.

Likizo wakikupa, njoo. Wasipokupa, simu iko kwake, ameiweka mapajani tangu asubuhi na anajifanya haimhusu. Piga leo. Na ukipokelewa, usimsomee kitu.

Dada yako